Wasomaji Wanauliza: Huyu Si Steringi, Ila Hutamsahau

Barua kadhaa za safari hii zinazunguka jambo moja: waigizaji wa Uingereza wanaojaza filamu na tamthilia bila kuwa vijana watanashati wa kwenye bango. Wengine mmeuliza habari zao, wengine mmeuliza vikundi vyetu vya huku Nyanda za Juu Kusini vijifunze nini kwao. Tunaanza na barua ya Mafinga kwa sababu ndiyo inayotaka kumjua mtu ambaye barua nyingine zinamtaja, Timothy Spall.

Habari za kazi, ndugu wahariri. Wanangu wanapenda sana filamu za Harry Potter. Mle ndani kuna bwana mnene anayejigeuza panya. Juzi nikaangalia filamu ya mfalme mwenye kigugumizi, nikaona sura ileile kwa Churchill. Mwanangu akabisha. Je, ni mtu mmoja? Na kama ni hodari hivyo, mbona hapewi usteringi?
Mama msomaji, Mafinga

Ni mtu mmoja, mama, na ubishi umeushinda. Anaitwa Timothy Spall. Alizaliwa tarehe 27 Februari 1957 Battersea, kusini mwa London. Baba yake alifanya kazi posta, mama yake alikuwa mtengeneza nywele. Akiwa kijana aliingia National Youth Theatre, kundi la maigizo la vijana, kisha RADA, chuo cha uigizaji cha London kilichoanzishwa mwaka 1904, akamaliza na medali ya dhahabu ya Bancroft. Kutoka hapo alikwenda jukwaani Birmingham, halafu kwenye kundi la Royal Shakespeare Company. Jukwaa la namna hiyo humfundisha kijana jambo ambalo kamera haina muda wa kumfundisha: msimu huu ni mtumishi, msimu ujao ni mzee mwenye fimbo, na watazamaji ni walewale, kwa hiyo ni lazima awe mtu mwingine kabisa, la sivyo watamtambua na kuguna.

Mwaka 1979 alipata nafasi ndogo katika Quadrophenia, akicheza mtu wa kuendesha mashine ya sinema. Mwaka 1982 mwongozaji Mike Leigh alimpa nafasi ya tarishi wa posta katika filamu ya televisheni, Home Sweet Home, kazi ambayo mtoto wa mfanyakazi wa posta hakuhitaji kuelezwa sana. Jina lilikuja mwaka 1983, katika tamthilia ya Auf Wiedersehen, Pet, inayohusu mafundi ujenzi wa Kiingereza waliokwenda kutafuta kibarua Düsseldorf, Ujerumani. Humo alikuwa Barry, fundi umeme anayechosha wenzake kwa maneno.

Sasa, hilo la usteringi. Amekuwa steringi, tena mara kadhaa, ila kwa kuchelewa. Alimcheza Albert Pierrepoint, mnyongaji wa serikali ya Uingereza. Mwaka 2014 alimcheza mchoraji J. M. W. Turner katika Mr. Turner, akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, akiwa na miaka 57. Mwaka 2023 alikuwa mwalimu Peter Farquhar katika tamthilia ya BBC, The Sixth Commandment, na mwaka uliofuata akachukua BAFTA, tuzo ya Uingereza ya filamu na televisheni, kama steringi bora wa kiume wa televisheni, akiwa na miaka 67. Katikati ya hizo kuna nafasi nyingi za dakika kumi, za dakika tano, za kuingia na kutoka. Peter Pettigrew wa Harry Potter, aliyeanza kuonekana 2004, ni mmojawapo. Mwangalieni vidole na pua. Mhusika ameishi akiwa panya kwa miaka 12, na hata akirudi kuwa mtu mwili wake haujakubali. Hakuna mstari wa maneno unaolisema hilo. Linaonekana mwilini tu.

Shikamooni wakubwa. Tuna kikundi cha sanaa hapa Tukuyu, tupo tisa. Tumesikia Spall na wenzake walitengeneza filamu bila skripti, wakashinda tuzo kubwa. Sisi tulijaribu kushuti bila skripti, ikawa makelele matupu. Wenzetu waliwezaje?
Katibu wa kikundi, Tukuyu

Marahaba. Mliyosikia ni nusu. Anayefanya kazi hivyo ni Mike Leigh, na filamu iliyoshinda ni Secrets & Lies, iliyopata Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 1996. Ni kweli huanza bila skripti. Lakini siku kamera inapowashwa kila neno limekwisha kupangwa na kurudiwa. Kuanza bila skripti na kushuti bila skripti ni mambo mawili, na makelele yenu yametoka hapo.

Utaratibu wake ni mrefu, mara nyingi miezi kadhaa ya mazoezi kabla ya kushuti. Kila mwigizaji huzungumza na mwongozaji peke yake, akimtajia watu halisi anaowafahamu. Kutoka kwenye orodha hiyo huchaguliwa mmoja, au wawili watatu wanachanganywa, na mhusika anajengwa tangu utoto: alisoma wapi, nani alimpiga, alitaka kuoa nani. Mwigizaji humzungumzia mhusika kama mtu wa tatu, “yeye”, kamwe si “mimi”, ili aweze kutoka ndani yake na kumjadili bila kumtetea. Na hapa ndipo penye siri ya ladha: kila mwigizaji anajua tu kile ambacho mhusika wake anakijua. Katika Secrets & Lies, Brenda Blethyn ni mama mzungu ambaye binti aliyemtoa kwa walezi siku ya kuzaliwa anamtafuta, na binti huyo, Marianne Jean-Baptiste, ni mweusi. Wanakaa mgahawani, na kamera inawatazama zaidi ya dakika 7 bila kukata. Dakika hizo zinasimama kwa sababu mshangao uligunduliwa kwenye mazoezi, ukahifadhiwa, ukarudiwa mpaka ukakaa.

Kwa kikundi cha watu tisa chenye wiki 4, fanyeni hivi. Wiki ya kwanza hakuna kuigiza kabisa. Kila mmoja aandike majina ya watu 10 anaowajua kwa sura na mwendo, wa rika analoweza kulicheza, akae na mwongozaji saa nzima, mlango umefungwa. Changanyeni watu wawili au zaidi kwa kila mhusika. Tukuyu si Dar es Salaam: mkimchukua jirani mzima mzima, kila atakayeangalia atamjua, na mtagombana naye sokoni. Badilisheni kazi yake, umri wake, idadi ya watoto.

Wiki ya pili, kila mhusika afanye kazi yake halisi peke yake kwa saa moja bila kusema. Kama ni mchuma chai, achume. Kama ni muuza ndizi, afunge mikungu na kuipakia. Mikono ikizoea, maneno yatakayokuja baadaye hayatakuwa ya hotuba.

Wiki ya tatu ndipo mnakutanisha wahusika, wawili wawili. Mpe mmoja jambo ambalo mwenzake halijui. Mfano: kaka amekwisha kupokea fedha za awali za shamba la familia, dada amekuja kuzungumzia kupanda miche mipya. Waacheni dakika 40. Rekodini sauti tu, si picha, maana picha huwafanya waanze kujipamba. Mwongozaji asiwakatize isipokuwa kuna hatari ya kuumizana. Dakika 30 za mwanzo huwa za ovyo, msife moyo, wanatafutana.

Wiki ya nne, sikilizeni rekodi, toeni dakika 3 zenye uhai, ziandikeni neno kwa neno. Hiyo sasa ndiyo skripti yenu. Irudieni mpaka mtu akiulizwa saa sita usiku anaijua, kisha shutini.

Yanayoharibu ni haya. Mtu mmoja anataka kuchekesha, na akishachekesha wengine wote wanamfuata. Mwongozaji, kwa wema, anawasimulia wote hadithi nzima siku ya kwanza, basi hakuna anayeshangaa tena. Kila mmoja anadhani ugomvi ni sauti kubwa. Kwa hilo la mwisho kuna dawa moja tuliyoiona inafanya kazi: wapeni kisa kilekile lakini mtoto amelala chumba cha pili. Watalazimika kunong'ona, na hasira itahamia machoni.

Mimi ni mwanafunzi hapa Iringa. Nimepewa nafasi ya mama wa Kinyakyusa katika mchezo wetu na mimi ni Mhehe. Nikijaribu lafudhi wenzangu wanacheka. Spall ni mtu wa London, je, huyo Barry alizungumzaje?
Dada msomaji, Iringa

Barry aliongea lafudhi ya upande wa Birmingham, na aliishika kiasi cha watazamaji wengi kuamini Spall ni mtu wa huko. Kwako wewe, dada, jambo la kwanza ni kuacha kutafuta “lafudhi ya Wanyakyusa”. Tafuta mama mmoja. Mwombe ruhusa, mrekodi dakika 15 akisimulia jambo analolipenda, mapishi au harusi ya mwanawe. Sikiliza mara ya kwanza bila kujali maneno: sauti inapanda wapi, inashuka wapi, anapumua baada ya nini. Mara ya pili sikiliza irabu. Kinyakyusa kina irabu 7, Kiswahili 5, na mtu aliyekulia kwenye saba huziweka zile tano mahali pake mwenyewe mdomoni. Hapo ndipo lafudhi ilipo. Kupachika “ndaga fijo” (asante sana) mwisho wa kila mstari hakumfanyi mtu Mnyakyusa, kama ambavyo salamu ya “kamwene” haitamfanya Mnyakyusa awe Mhehe.

Kisha dakika 20 kila siku kwa wiki 3, ukimfuatisha kwa sauti sekunde mbili nyuma yake. Ikikaa, zungumza hivyo stendi na sokoni na watu wasiokujua. Wakijibu bila kukutazama mara mbili, umefika. Mwisho msomee mistari yako Mnyakyusa mwenyewe na umwulize ni neno gani limemkera, si kama umepatia. Ukimwuliza kama umepatia atakusifu kwa heshima.

Lafudhi huvunjika mahali pawili: mhusika anapofoka na anapolia. Waigizaji huzoea mistari ya utulivu, halafu siku ya sini ya msiba mama wa Rungwe anageuka ghafla kuwa binti wa Iringa. Basi anza mazoezi na mistari hiyo. Na utani wa makabila uacheni kwa watani wenyewe. Msibani utani unaisha jioni, mchezo uliorekodiwa haufi.

Tunashuti Njombe mwezi wa saba. Hadithi ni ya mchana wa joto, lakini waigizaji wakisema mvuke unatoka mdomoni kama birika. Tufanyeje?
Msomaji, Njombe

Mvuke unaonekana kwa sababu pumzi ina joto na unyevu kuliko hewa ya nje. Poza mdomo: mwigizaji afyonze kipande cha barafu, au asukutue maji ya baridi sana, ateme sekunde chache kabla ya kuanza mstari. Inasaidia mstari mmoja au miwili tu, kwa hiyo gaweni sini vipande vifupi. Msiweke jua wala taa nyuma ya mwigizaji, maana mwanga wa nyuma ndio unaoung'arisha mvuke. Mwanga utoke mbele au ubavuni, na ukuta wa nyuma uwe wa rangi nyepesi. Mkiweza, subirini saa nne asubuhi ipite. Fulana mbili chini ya shati zitamzuia asitetemeke, na msisahau kumwomba afiche mikono yenye vinyweleo vilivyosimama, huwa inafichua kila kitu.

Mwongozaji wa Dar ameniambia nitume klipu ya majaribio kwa simu, nafasi ya mganga wa jadi. Nauli ya kwenda sina. Nirekodi vipi isionekane ya kienyeji?
Kaka msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

Hata Uingereza siku hizi majaribio mengi ya kwanza hufanyika hivyohivyo, kwa hiyo huna sababu ya kujiona mnyonge. Simu ilazwe kwa upana, kamera ya nyuma, kioo chake kimefutwa, usawa wa macho yako, umbali wa mita 1.5 hivi. Rundo la vitabu na mpira wa manati vinatosha kuishikilia. Ukae mbele ya ukuta mtupu. Dirisha liwe mbele yako, nyuma ya simu. Likiwa nyuma yako utakuwa kivuli. Picha ianzie kifuani ibakize nafasi kidogo juu ya kichwa.

Mtu wa kukusomea mistari ya mwenzako asimame pembeni tu ya simu, na wewe umtazame yeye, si kamera. Asome kwa sauti ya chini, maana yuko karibu zaidi na maiki, na sauti yake isiposhushwa itakufunika. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni. Na bati! Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ya alasiri juu ya bati itaua sauti yako yote. Rekodi asubuhi, chumba chenye godoro, mablanketi na mapazia, kwa sababu chumba kitupu cha saruji kinarudisha mwangwi.

Taja jina, unapoishi na urefu wako, nyamaza sekunde mbili, anza. Rekodi mara kadhaa, tuma moja, au mbili kama zinatofautiana kweli. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti, si kama video ya kawaida, ndipo haitabanwa na kuwa ukungu.

Kuhusu mganga mwenyewe: wenzako wote watakuja na macho yaliyotoka na sauti ya kukoroma. Jiulize mtu huyu asubuhi alikuwa anafanya nini. Labda ana deni la ada ya shule. Labda goti linamuuma. Spall alipomwandaa Turner alijifunza kuchora na kupaka rangi kwa karibu miaka miwili kwa mwalimu, ingawa kwenye filamu mkono wenye brashi unaonekana kwa dakika chache. Turner halisi, kwa taarifa yako, alikuwa mtoto wa kinyozi, na Spall anambeba kwa miguno na mabega mazito, si kwa madaha ya msanii mkubwa. Wewe huna miaka miwili, una siku chache. Jifunze kutwanga, kuchambua mizizi na kufunga dawa kwenye karatasi bila kutazama mikono. Mwongozaji ataliona hilo kabla hujafungua mdomo.

Nimecheza filamu tatu kama mama mkwe. Nalipwa nauli na soda. Wenzetu wa Uingereza wenye nafasi ndogo wanaishije?
Mama msomaji, Makambako

Wao wana chama, Equity, tangu 1930, kinachokubaliana na watayarishaji kiwango ambacho chini yake mtu haajiriwi. Wana orodha ya waigizaji iitwayo Spotlight, tangu 1927, ambayo wachaguzi wa waigizaji hupekua. Na wengi wana wakala anayechukua kiasi cha asilimia 10 hadi 15. Bado wengi wao hukaa miezi bila kazi, wakisoma matangazo ya redio au kufundisha. Lakini siku ya kazi inajulikana ni shilingi ngapi.

Wewe, mama, omba karatasi kabla ya kupanda gari. Iandikwe: siku ngapi za kushuti na malipo ya kila siku, nani analipa nauli na malazi ikiwa mtavuka kutoka Makambako, nusu ya malipo inatolewa lini (dai kabla ya siku ya mwisho ya kushuti, baada ya hapo simu hazipokelewi), jina lako linaandikwaje mwishoni mwa filamu, na filamu itatumika wapi: televisheni, intaneti, au vyote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji pia, si mtunzi na mtayarishaji peke yao. Maelezo yake yapo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wenye sahihi mbili na shahidi, unatosha kuanzia.

Ni kweli Spall aliugua sana? Naona amekonda.
Msomaji, Kyela

Kweli. Mwaka 1996, mwaka uleule wa Secrets & Lies, alipatikana na saratani ya damu, akatibiwa, akapona. Wembamba unaouona ni wa miaka ya baadaye. Linganisha Turner wa 2014 na filamu yake ya Denial ya 2016. Msijaribu kujikondesha kwa ajili ya mchezo. Mwili mwembamba huigizwa na shati lenye kola pana na mwendo wa mtu asiye na uzito.

Hapa Vwawa tunapata filamu zilizotafsiriwa na madijei. Nianze na ipi ya huyu bwana?
Msomaji, Vwawa

Madijei wamewafikishia sinema watu wengi na tunawaheshimu, ila kwa mwigizaji wa namna hii tafuta nakala yenye sauti halisi, hata kama Kiingereza hakipandi. Nusu ya kazi yake iko kooni, na sauti ya dijei inaifunika. Anza na Life Is Sweet ya 1990, ambamo yeye ni Aubrey, anayefungua mgahawa wa Kifaransa na usiku wa ufunguzi haji mteja hata mmoja. Halafu Secrets & Lies: humo ni Maurice, mpiga picha wa studio, mtu wa kumaliza ugomvi wa ukoo. Baada ya hizo mbili nenda The Last Bus ya 2021, anapocheza mzee sana anayevuka Uingereza yote kwa mabasi ya kawaida, kutoka John o' Groats kaskazini hadi Land's End kusini. Ukishaiona mara moja kwa hadithi, irudie ukiwa umezima sauti, umtazame anavyopanda ngazi za kila basi.